Ufunguo ulioshushwa: kisa cha mwalimu wa muziki wilayani Rungwe

Wanafunzi wa ualimu hupewa zoezi la kuandika ukurasa mmoja wenye kichwa "Falsafa yangu ya elimu". Nimesahihisha kurasa hizo kwa miaka mingi, na kwa wale wa muziki sentensi ya kwanza huwa ni ileile: kila mtoto anaweza kuimba. Naipa alama zake. Ila aliyeiandika bado hajakabidhiwa kwaya ya watoto arobaini na kitu, darasa lisilo na kinanda, na mkuu wa shule anayetaka kombe, kwa hiyo hatujui kama kweli anaiamini.

Mwalimu wa kisa hiki niliwahi kumfundisha chuoni, na sentensi hiyo ilikuwamo kwenye ukurasa wake pia. Sasa yuko shule ya sekondari ya kutwa wilayani Rungwe, si mbali na Tukuyu mjini. Majina nayaacha, lake na la shule, ingawa mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Nilikuwa napita hapo kukagua wanafunzi wangu wa mazoezi ya kufundisha, ndipo mengi ya haya nikayaona kwa macho. Mengine alinisimulia yeye, na sehemu moja nilisimuliwa na mkuu wake, ambaye naye ana upande wake na anastahili kusikilizwa.

Ajira yake ni ya Kiswahili. Muziki alibebeshwa kwa sababu vyeti vyake vinaonyesha aliusoma. Ana kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki na kidato cha pili, halafu kwaya ya shule siku ya Jumatano baada ya masomo. Vifaa vyake ni ngoma mbili, ubao na simu yake mwenyewe.

Kwa upande mwingine ana utajiri ambao walimu wa mikoa mingi wangeulilia. Rungwe ni nchi ya kwaya. Wamisionari wa Kimoravian walifika hapa 1891, Dayosisi ya Konde ya KKKT, kanisa la Kilutheri, ina makao yake Tukuyu, na mtoto wa huku hukua akisikia sauti nne kila Jumapili. Utamkuta asiyejua jedwali la kuzidisha lakini anajua kabisa ni wapi sauti ya pili inaachana na ya kwanza. Utajiri huo una ukatili wake. Mahali ambapo kila mtu anaimba, asiyeweza kushika sauti anajulikana mapema, na jina alilopewa darasa la tano humfuata hadi sekondari.

Ndivyo ilivyomtokea kijana mmoja wa kidato cha pili, mwenye miaka 14. Shule ya msingi aliambiwa na kiongozi wa kwaya afungue mdomo tu bila kutoa sauti, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mgeni rasmi. Akatii. Alipofika sekondari akajiunga na kwaya tena, kwa kuwa marafiki zake wote walikuwa huko, akasimama safu ya nyuma kwenye sauti ya tatu, yaani teno. Akiimba ilisikika noti moja, chini ya kila mtu, haipandi wala haishuki. Wenzake walicheka mwanzoni, kisha wakachoka kucheka. "Madam, anatuvuruga," walimwambia mwalimu. Walikuwa wanasema kweli.

Mwalimu hakumtoa, ila kwa wiki kadhaa hakumfanyia lolote pia. Alikuwa na mashindano mbele yake: UMISSETA, michezo na sanaa za shule za sekondari, ngazi ya wilaya, kabla ya likizo ya Juni, ambako kwaya ni moja ya fani. Kilichobadilisha mambo kilikuwa mvua.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndiyo yenyewe. Darasa lao ni la bati lisilo na dari. Mvua ikishuka, mwalimu hata akipiga kelele hasikiki kwenye dawati la pili. Walimu wengine huandika ubaoni wanafunzi wakanakili. Huyu akatumia ishara za mikono za solfa (noti zinazotajwa do, re, mi na kuendelea), zile alizozieneza John Curwen, mchungaji wa Kiingereza wa karne ya 19, aliyechukua mfumo wa mwalimu Sarah Glover wa Norwich na kuusambaza duniani kote: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala, so ni kiganja kilichogeuzwa kumtazama mwenyewe. Wanakwaya wa huku wanaisoma solfa kwenye karatasi. Kwenye mikono, kwa wengi wao ilikuwa ngeni. Akawafundisha kipindi kizima bila neno, bati likiunguruma juu.

Wiki iliyofuata mvua ilikuja tena, naye akawafanyia mchezo. Akawaonyesha kwa mikono mstari wa kwanza wa wimbo wanaoujua wote, kimyakimya, kisha akaandika ubaoni: wimbo gani huu? Darasa likatazamana. Yule kijana wa noti moja akanyoosha mkono kabla ya wote, akaenda ubaoni na kuandika "wimbo wa taifa". Alikuwa amepatia. (Sijui kama mwalimu aliuchagua kwa makusudi, lakini ulikuwa chaguo zuri: tuni hiyo iliandikwa kwa solfa hiyohiyo, 1897, na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini.)

Hapa ndipo kisa kinapostahili kukaliwa kwa muda. Kuutambua wimbo kutokana na mikono inayopanda na kushuka, bila sauti yoyote, maana yake ni kwamba unausikia kichwani. Unajua do iko wapi na so iko juu yake kwa kiasi gani. Mtu aliyehukumiwa kwamba hana sikio hapaswi kuweza jambo hilo. Wapo watu ambao ubongo wao kweli hautofautishi tuni, na makadirio ya watafiti hayazidi watu wanne katika kila mia. Kijana huyu hakuwa mmoja wao. Wimbo ulikuwa unaingia vizuri. Haukuwa na njia ya kutokea.

Mvua ilipokatika mwalimu alimbakiza. Desturi ya kwaya zetu ni kwamba mwalimu anatoa sauti na mwanafunzi anaitafuta. Akiikosa anaambiwa "sikiliza vizuri", kama vile shida ni uvivu. Mwalimu akageuza mambo. Akamwambia atoe sauti yoyote inayomjia, aishikilie. Kijana akatoa ile noti yake. Mwalimu akashuka, akaimba noti hiyohiyo pamoja naye mpaka zikakaa mahali pamoja. Kisha akapanda hatua moja, polepole, na kijana akapanda naye. Hatua nyingine, akapanda. Walipofika ya tano sauti ikakatika katikati, ikarudi chini kwa mkwaruzo, wakacheka wote wawili.

Noti tano. Kijana alikuwa anavunja sauti. Kwa wavulana wa umri huo kikoromeo hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na mwisho wake sauti huwa imeshuka karibu oktavu nzima, yaani kutoka do moja hadi do ya chini yake. Katikati ya mabadiliko hayo ipo miezi ambayo mvulana ana noti chache tu anazoweza kuzitegemea, na hazipo pale sauti ya tatu inapoimba. Kwake zilianzia G iliyo chini ya C ya kati ya kinanda mpaka D iliyo juu ya C hiyo. Kila alipotakiwa kwenda F alibaki palepale alipoweza kusimama.

Hilo halielezi yaliyompata darasa la tano, wakati sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Nadhani maelezo yake ni ya kawaida zaidi. Kulenga noti ni ujuzi, na watoto huupata kwa kasi tofauti: wengine wakiwa chekechea, wengine wakiwa na miaka tisa au kumi. Anayechelewa anahitaji kuimba zaidi, na sisi humwambia anyamaze. Miaka inapita, yuko palepale alipoachwa, na hukumu inaonekana ilikuwa sahihi.

Zoltán Kodály wa Hungaria alijenga elimu nzima ya muziki juu ya sauti ya mtoto na nyimbo za kwao, akishikilia kwamba muziki ni mali ya watu wote. Shinichi Suzuki wa Japani alisema kipaji hakizaliwi nacho mtu, kwa kuwa kila mtoto hujifunza lugha ya mama bila mtihani wa kuingilia. Tunawafundisha wote wawili chuoni. Lakini nikiulizwa falsafa ya mwalimu huyu iko wapi, nitaonyesha kitu kidogo kuliko hayo: uamuzi wa kuanzia kwenye noti ya mwanafunzi badala ya noti ya mwalimu. Hilo halikuwamo kwenye ukurasa wake wa chuoni. Nimeutafuta, bado ninao.

Sasa upande wa pili. Mkuu wa shule alikuwa amepata wimbo wa mashindano kutoka kwa rafiki yake anayeongoza kwaya mjini Mbeya: sauti ya kwanza inapaa, sauti ya tatu inashikilia noti ndefu za juu. Wimbo wa kuwashtua waamuzi. Mwalimu aliupitia akaona kwamba vijana wanne, yule wa kwetu na wengine watatu wanaovunja sauti, hawana pa kusimama ndani yake. Akaomba wimbo ubadilishwe.

"Madam, mashindano si kliniki," mkuu alimwambia.

"Na mimi, mkuu, sikuajiriwa kutafuta sauti. Niliajiriwa kufundisha."

Mkuu ndiye aliyenisimulia mazungumzo hayo, bila kinyongo. Hoja zake si za mtu mbaya. Wazazi walichangia nauli ya kwenda wilayani, na mwaka uliotangulia shule ilirudi mikono mitupu. Halafu aliniambia jambo ambalo bado silipatii jibu rahisi: "Hao wengine thelathini na kitu wakiaibika mbele ya shule zote kwa ajili ya watoto wanne, nao si watoto?"

Walikubaliana kwamba mwalimu atunge wimbo mpya ili mradi uwe na kaulimbiu ya mashindano. Akawatuma wanafunzi nyumbani wakawaulize bibi zao nyimbo za kulimia. Zikaja nyingi, karibu zote zikiwa na mtindo wa mmoja anaita, wengi wanaitikia. Hii si njia ngeni kwenye nyanda hizi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mbozi, mmisionari wa Kimoravian Traugott Bachmann aliwahimiza Wanyiha waimbe ibadani kwa tuni zao wenyewe, wakati sehemu nyingi bado zilikuwa zinatafsiri nyimbo za Kijerumani. Na Nyerere, alipolihutubia taifa Desemba 1962, aliuliza ni wangapi kati yetu wanajua kucheza mangala au kiduo, ilhali rumba na chachacha tunaziweza. Mwalimu hakuwa na nia ya kuhubiri utamaduni. Alihitaji mwitikio wenye noti tatu.

Akaupata kwenye wimbo wa bibi mmoja: so, la, do, kisha unarudi chini. Katika ufunguo wa F, yaani do ikiwa F, ambao ulikuwa mzuri kwa sauti ya kwanza, mwitikio huo uliishia F, noti mbili juu ya mahali ambapo sauti za vijana wale zilikatikia. Akaushusha wimbo mzima hadi D. Sasa mwitikio ukawa A, B, D, ndani kabisa ya eneo lao. Vijana wanne wakasimama pamoja mbele, kando ya besi, wakaitikia. Nilikuwepo kwenye zoezi moja. Yule kijana alikuwa anaimba noti zote tatu na alikuwa anazipata, isipokuwa akichoka.

Hawakuvuka ngazi ya wilaya. Waamuzi waliusifu mpangilio wa wimbo na namna sauti zilivyojibizana. Wakaandika pia kwamba ufunguo ulikuwa chini mno kwa sauti ya kwanza, na kwa hiyo wimbo haukung'aa.

Waamuzi walikuwa sahihi, na hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu wangu wa zamani.

Kuna binti wa kidato cha tatu anayeongoza sauti ya kwanza. Anaimba pia kwenye kwaya ya vijana ya kanisa, anasoma solfa haraka kuliko mwalimu anavyoiandika, na sauti yake huanza kupendeza kuanzia D ya juu kwenda mbele. Ufunguo uliposhushwa, sehemu aliyopewa iliishia pale pale sauti yake inapoanza. Mazoezi yenyewe yalimchosha: nusu ya Jumatano ilikuwa ya mwitikio wa noti tatu, naye akikaa dirishani akisubiri. Wiki za mwisho kabla ya mashindano akaanza kukosa, akisema ana mazoezi ya kanisani. Siku ya mashindano alikuja, akaimba vizuri, bila furaha yoyote usoni.

"Kila mtoto anaweza kuimba" haisemi chochote kuhusu mtoto ambaye tayari anaweza. Hilo ndilo pengo la ukurasa ule, na nimelikuta kwenye kurasa karibu zote ninazosahihisha. Mwalimu anayeiamini sentensi hiyo kwa dhati huanza kuwaona wenye uwezo kama watu waliokwisha kula, wanaoweza kungoja. Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, aliikataa shule ya msingi inayoendeshwa kwa ajili ya wachache watakaochaguliwa kuendelea; alitaka ijitosheleze kwa wengi wanaoishia hapo. Mwalimu huyu alisoma maneno hayo na kuyaingiza kwenye kwaya yake, na kwa yule kijana yalifanya kazi. Lakini kwaya iliyoacha kumchuja dhaifu ikaanza kumfifisha hodari, na ufunguo ndio uliofanya hivyo. Kuchagua ufunguo ni kuchagua nani atasikika akiwa bora, na mwalimu alichagua bila kujiuliza kwamba anachagua.

Isitoshe, kiufundi haikuwa lazima. Wimbo ungeweza kubaki F, na mwitikio ukaandikwa juu ya mi, so na la: A, C, D. Kilele ni D ileile ambayo vijana walikuwa wanaifikia, na binti angebaki na anga lake lote. Nilimwandikia hayo kwenye karatasi nikampa.

Aliisoma kwa makini kisha akanijibu mambo mawili. La kwanza, bibi hakuimba hivyo. Ukibadilisha so-la-do kuwa mi-so-la umeshika wimbo mwingine, na watoto walioutoa nyumbani wangejua. Hapo ana haki, ingawa ningemwambia kwamba kuhamisha wimbo wa kulimia hadi jukwaa la mashindano tayari ni kuubadilisha. La pili lilikuwa zito zaidi. Binti, alisema, ana kanisa: lina mwalimu wa kwaya, lina kinanda, na kila Jumapili watu wanamsikiliza. Kijana hana mahali pengine popote ila dakika hizi za shule. Mtu mwenye nafasi mbili akipunguziwa moja hajalingana na mtu mwenye moja akinyimwa hiyohiyo.

Ni hoja nzuri. Ninaona tatizo moja ndani yake: inalikabidhi kanisa kazi ya kumkuza mwenye kipaji, na shule inabaki na wanaohitaji msaada. Je, binti mwenye sauti kama ile angekuwa ametoka familia ya Kiislamu, au kanisa lisilo na kwaya? Shule haiwezi kumpangia mtoto masomo kwa kukisia anachopata Jumapili. Na kanisa halimfundishi anachokitaka sasa, kwa maana binti huyu ameanza kuuliza kama anaweza kuufanya mtihani wa Muziki wa NECTA wa kidato cha nne. Shule haina somo hilo kwa darasa lake. Mwalimu amekubali kumfundisha nadharia Jumamosi asubuhi, kwa hiari yake, na swali la kwanza kutoka ofisini lilikuwa ni nani atalipia karatasi za kudurufu.

Tangu hapo mambo kadhaa yamesogea. Kwaya sasa inaandaa nyimbo mbili, mmoja wa mwitikio na mmoja wa sauti nne katika ufunguo wa juu, na Jumatano imegawanywa: nusu saa ya kwanza binti anawafundisha wenzake wa sauti ya kwanza nje, chini ya mti, mvua ikiruhusu, wakati mwalimu yuko ndani na wavulana. Sauti ya kijana imetua kwenye besi, bado inapotea akisimamishwa karibu na sauti ya tatu. Mkuu naye amesema mwaka ujao kuwe na usaili kabla ya mtu kupanda jukwaani. Mwalimu hakukataa. Aliweka sharti moja: kwenye usaili noti ya kwanza aitoe mwanafunzi mwenyewe, na msaili ndiye aifuate. Mkuu amekubali, ila ametaka wasaili wawe wawili.